Ukishindwa, Toa Mji

Msikilizaji wa Nakapanya, na wewe uliye Tunduru mjini, Namtumbo, Songea, na kokote sauti hii inakofika: kitendawili!

Nimesikia mlivyoitikia. Basi tegueni hiki. Nyumba ya ibada imejengwa pale palipokuwa soko la kuuzia watu, na ndani yake zimo nguzo zilizosimama kichwa chini, miguu juu. Nyumba gani, na iko mji gani?

Anayejua asiseme kwanza. Wakati wengine wanafikiri, nieleze jambo lililonileta leo.

Katika miji mingi yenye mitaa ya kale, siku hizi upo mchezo wa kutembea kwa mafumbo. Mnajikusanya watu watatu au wanne, mnapewa karatasi au mnafungua simu, na mnaanza safari bila mtu wa kuwaongoza. Fumbo la kwanza linawapeleka kwenye mlango, au kisima, au jengo fulani. Mkifika mnatafuta kitu cha kuona kwa macho: mwaka uliochongwa juu ya mlango, jina kwenye jiwe, idadi ya ngazi, umbo la ua lililonakshiwa. Hicho mlichokiona ndicho kinachofungua fumbo la pili, na la pili la tatu, hadi mtaa mzima mmeuzunguka. Mkikosea mnajikuta uchochoroni pasipo na kitu, mnarudi, mnasoma tena. Hakuna anayewaharakisha, na kila kundi linakwenda kwa mwendo wake.

Mchezo huu una asili zake huko ughaibuni. Kusini-magharibi mwa Uingereza, kwenye nyika ya Dartmoor, mwaka 1854 mwongoza wageni aitwaye James Perrott aliacha chupa mahali pagumu kufika panapoitwa Cranmere Pool, ili kila atakayefanikiwa kufika aache humo kadi yenye jina lake. Desturi ikaenea, chupa zikawa visanduku, na visanduku vikawa mamia. Mwezi Mei mwaka 2000, serikali ya Marekani ilipoondoa kizuizi kilichokuwa kikipunguza usahihi wa mitambo ya satelaiti inayoonyesha mahali, siku hizo hizo mtu mmoja wa jimbo la Oregon alificha ndoo msituni, akatangaza namba za mahali ilipo, na watu wakaenda kuitafuta. Leo vitu vilivyofichwa kwa mtindo huo vimo duniani kote.

Lakini sisi wa huku hatuna haja ya kuazima kiini cha mchezo huu kwa mtu. Bibi zetu walikuwa nao. Jioni, baada ya chakula, mtegaji anaita, watu wanaitikia, anatega. Wakijaribu wakashindwa, anadai: nipeni mji. Nao wanampa. Wanampa Kilwa, wanampa Lindi, wanampa Songea. Anaupokea, anasema amekwenda huko akala, akanywa, akapokewa vizuri, halafu ndipo anatoa jibu. Kwa hiyo kwetu fumbo na mji vimekaa pamoja tangu zamani, na bei ya kutojua ni kutoa mji mzima. Ninachotaka kuwashawishi leo ni kwamba tunaweza kuuchukua mchezo huo kutoka kwenye mkeka wa jioni, tukautoa nje juani, tukatembea nao ndani ya mji wenyewe.

Sasa nipeni mji. Mmetoa? Asanteni. Nimekwenda, nimekula, nimeshiba.

Jibu ni kanisa kuu la Waanglikana lililopo Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar. Soko la watumwa la hapo lilifungwa mwaka 1873, pale Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza. Mwaka huo huo ujenzi wa kanisa ukaanza juu ya uwanja ule. Msimamizi wake alikuwa Edward Steere, askofu ambaye watu wa lugha wanamkumbuka kwa vitabu vyake vya Kiswahili. Kuhusu nguzo, inasimuliwa kwamba askofu alisafiri, na aliporudi akakuta mafundi wamezisimamisha nguzo fupi za upande wa magharibi chini juu. Akaziacha. Ziko hivyo hadi leo, na mgeni akiwa anapita tu huku akisikiliza maelezo ya haraka, hazioni. Mwambie atafute nguzo zilizopinduka, atasimama mbele ya kila moja, atainama, atalinganisha kichwa na kitako. Hapo ndipo macho yake yanaanza kazi.

Na macho yakishaanza kazi hayakomi. Ataona mbele ya madhabahu duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa nyekundu, atauliza, ataambiwa ni alama ya mahali panaposemwa palikuwa na mti wa kuchapia watumwa viboko. Ataona msalaba wa mbao, ataambiwa mbao hiyo ilitoka kwenye mti wa kule Chitambo, Zambia ya leo, ambao chini yake moyo wa David Livingstone ulizikwa mwaka 1873. Akitoka nje atakuta shimo lenye sanamu za watu waliofungwa mnyororo shingoni, kazi ya msanii Clara Sörnäs, iliyowekwa mwaka 1998. Mnyororo ule ni wa chuma cha kweli.

Kwa nini ninamtajia Mkunazini mtu wa Nakapanya? Kwa sababu wengi waliosimamishwa kwenye soko lile walitoka upande wetu huu. Njia za misafara zilikatiza nchi ya Ziwa Nyasa na bonde la Ruvuma zikielekea Kilwa Kivinje, na kutoka Kilwa majahazi yaliwapeleka Unguja. Wafanyabiashara Wayao walikuwa mashuhuri katika njia hizo, kwa pembe za ndovu na kwa watu pia, na ni vizuri tuliseme hilo bila kuzunguka. Livingstone mwenyewe alipita ukanda wa Ruvuma mwaka 1866, akitokea Mikindani. Kijana wa Nakapanya anayefika Mkunazini akiwa na karatasi ya mafumbo mkononi anafuata nyayo za watu waliotoka kwao, na fumbo zuri litamfikisha kwenye jambo hilo kwa akili yake mwenyewe kabla mtu hajamwambia.

Hata hivyo Zanzibar ni mbali na nauli ni kubwa. Turudi kwenye barabara yetu.

Kutoka Nakapanya hadi Songea ni zaidi ya kilomita 300, ukipitia Tunduru na Namtumbo. Siku hizi ni lami. Shule huchanga, hukodi basi, huleta watoto kuona Makumbusho ya Taifa ya Majimaji pale mtaa wa Mahenge. Watoto wanashuka, wanapangwa mstari, wanaelezwa, wanaitikia kwa pamoja "ndiyo mwalimu", wanapigwa picha, wanarudi garini. Wahifadhi wanajitahidi na walimu wanajitahidi. Lakini mtoto aliyesafiri umbali wote ule ameutumia muda wake mwingi wa Mahenge akitazama kisogo cha mwenzake aliyemtangulia mstarini.

Wagawe sasa watoto hao katika vikundi vya wanne, kila kundi na karatasi moja na penseli moja. Mmoja anasoma, mmoja anaandika, wawili wanatafuta. Mwalimu anakaa mahali panapoonekana, kivulini, anayepotea ajue pa kurudi. Karatasi iwe na maswali ambayo hayana jibu isipokuwa umesimama pale. Hilo ndilo kubwa kuliko yote ninayoyasema leo. Swali ambalo simu inaweza kulijibu ukiwa kitandani Nakapanya halina haja ya nauli. "Vita vya Majimaji vilianza mwaka gani?" ni swali la darasani, jibu lake ni 1905 na linapatikana kitabuni. Swali la kutembea linasema: "Hapa wengi wamelala pamoja, na mmoja amelala peke yake. Ni nani, na kwa nini ametengwa?"

Watoto watatafuta. Watalikuta kaburi la pamoja, na watalikuta lile la peke yake. Na hapo hadithi inafunguka. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga mahali hapo mashujaa wa vita hivyo vya kupinga utawala wao. Hesabu inayotajwa kila mwaka kwenye kumbukumbu yao ni 67. Miongoni mwao alikuwamo nkosi, yaani mtawala wa Wangoni, Mputa Gama. Nduna Songea Mbano, jemadari ambaye Wajerumani walitaka kumwacha hai, alikataa kubaki wakati wenzake wamekufa, naye akanyongwa siku chache baadaye. Inasimuliwa katika ukoo wake na katika mji mzima kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo hapo Mahenge, akakutana na wajukuu na vitukuu wa Songea Mbano, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani. Lakini swali kuhusu kile kichwa bado liko hai, na mtoto aliyeuliza kwa nini kaburi limejitenga ameshaingia katikati ya mazungumzo ambayo wakubwa wa nchi mbili wanayaendesha mpaka sasa.

Fumbo la pili: "Kati ya walionyongwa yumo mwanamke. Tafuteni jina lake. Mkikosa kuliona, msalimieni mhifadhi kwa heshima mkamuulize." Jibu ni Mkomanile, mtawala wa Kitanda, ambako wajumbe wa maji ya dawa, yale yaliyovipa vita jina lake, walipokewa. Kitanda iko katika wilaya ya leo ya Namtumbo, na basi lililotoka Nakapanya limepita katika wilaya hiyo asubuhi. Natamani sana kuona sura za wasichana watakapogundua hilo. Watakuwa wamekatiza nchi ya mwanamke aliyepigana na dola, na huenda dirishani hawakuangalia.

Fumbo la tatu liwatoe makumbusho liwaingize mjini: "Vita vilikwisha, lakini watu wa mji huu bado wanalishangilia jina lake wakiwa wameketi. Wapi?" Wazo la kwanza la mtoto litakuwa kanisani au shuleni. Aulize bodaboda, aulize mama lishe, atapelekwa Uwanja wa Majimaji. Pale ndipo aambiwe aandike kwenye karatasi: kwa nini watu walishindwa vita, wakaamua kuutumia uwanja wao kulibeba jina la vita hivyo?

Fumbo la nne ni la mji wenyewe. "Mji huu umebeba jina la mtu. Jina hilo mmeshalisoma leo, mkiwa mmevua kofia." Mwaka 1897 Wajerumani walijenga kituo chao cha kijeshi karibu na makazi ya nduna, na mji uliokua hapo ukaitwa Songea. Miaka tisa baadaye walimnyonga mwenye jina. Nimewahi kusoma habari hii vitabuni mara nyingi, lakini uzito wake unakuja pale unapotamka jina la mji ukiwa umesimama mbele ya kaburi la mwenyewe.

La mwisho liwapeleke mahali pa wazi wanapoweza kuinua macho na kuiona milima ya Matogoro. "Kule juu kimezaliwa kitu ambacho nyumbani kwenu mnakijua kikiwa kikubwa. Kilitoka huku kikiwa kidogo, kikazunguka, kikageuka mpaka wa nchi." Watoto wa Nakapanya wataujua Mto Ruvuma kabla karatasi haijamalizwa kusomwa. Wanafunzi wa mjini wenyewe huenda wakachelewa hapo, na ni vizuri. Mtoto aliyetoka mbali naye apate fumbo analoliweza kuliko mwenyeji.

Nataka nisimame kidogo kwenye jambo moja ambalo linanisumbua kwa haki. Tunawezaje kucheza makaburini? Mzee wa Kingoni akisikia kwamba watoto wanakimbizana Mahenge kutafuta alama za ushindi, atakasirika, na mimi nitakuwa upande wake. Kwa hiyo mtunga mafumbo aweke mipaka. Ndani ya eneo la makaburi hakuna mashindano ya muda wala alama. Fumbo la hapo linajibiwa kwa sauti ya chini, kikundi kimoja kwa wakati, na kabla ya kuandika chochote watoto wanasimama kimya. Karatasi ipelekwe kwanza kwa mhifadhi na kwa wazee wa mila, wasome kila swali, na lile watakalosema liondolewe, liondolewe. Mbio na kelele zipo uwanjani na barabarani, nako kunatosha.

Jambo la pili ni hazina. Mwaka 1979 mchoraji Mwingereza, Kit Williams, alitoa kitabu cha picha chenye mafumbo, na aliyeyafumbua angejua mahali alipozika sungura wa dhahabu. Watu walivamia mashamba na bustani za wenyewe na majembe. Sungura akapatikana mwaka 1982, lakini mashimo yalikuwa yameshachimbwa Uingereza nzima. Sisi tunayo yetu, tena mabaya zaidi. Mnajua vizuri habari za mali ya Mjerumani: watu wanaokuja usiku na mashine na waganga, wakichimba chini ya maboma ya zamani, chini ya miti mikubwa, hata kando ya makaburi, wakitafuta rupia. Kuta zilizokaa zaidi ya miaka mia zimeanguka kwa sababu hiyo. Tunayo Sheria ya Mambo ya Kale tangu 1964 inayolinda mahali pa namna hiyo, lakini sheria peke yake hailali nje kulinda ukuta. Basi katika mchezo huu hakuna kitu kinachofichwa ardhini, na watoto waambiwe hivyo tangu mwanzo: kila jibu linaonekana kwa macho au linasikika kutoka kinywani mwa mtu. Atakayeshika jembe ametoka mchezoni.

Na hapo kwenye kinywa cha mtu pana utamu ambao programu nyingi za simu zimeukosa. Zimetengenezwa ili mtembeaji asimhitaji mtu yeyote. Anaingia mtaa wa watu, anazunguka saa mbili, anatoka bila kumpa mtu hata salamu. Kwetu hilo halifai. Karatasi yetu iwe na mafumbo mawili au matatu ambayo hayafunguki bila kusema shikamoo. "Muulizeni mzee yeyote mtaani hapa: zamani, kabla ya lami, maji mlichota wapi?" Mzee ataeleza, atakosoa, atamwita jirani waje kubishana, na watoto watapata majibu mawili yasiyolingana. Waandike yote mawili. Ndivyo historia ilivyo kabla haijapigwa pasi na kuwekwa kitabuni.

Mtu ataniuliza, na waongoza watalii je? Si mchezo huu utawanyima mkate? Sidhani. Aliyefumbua mafumbo sita peke yake anabaki na maswali ishirini, na hayo anayahitaji mtu wa kuyajibu. Mwongozaji hodari wa Mji Mkongwe au wa Bagamoyo ndiye hasa anayefaa kuitunga karatasi, alipwe kwa kuitunga, na awepo mwisho wa njia kuwasubiri wanaotoka na hamu.

Nanyi wa Nakapanya msisubiri basi la Songea. Ninyi wenyewe mnao mji wa kutembelewa. Barabara ya kutoka Mangaka ilipowekwa lami, ile ya vumbi ilikuwa inapita wapi, na ni nyumba gani bado zinaipa mgongo barabara mpya kwa sababu zilijengwa kuitazama ya zamani? Korosho zilipimwa wapi kabla ya ghala la sasa? Mti upi sokoni ni mkubwa kwa umri kuliko msikiti? Babu yupi anakumbuka wapigania uhuru wa Msumbiji walipokuwa wakipita nchi hii, na alikuwa wapi siku hiyo? Hayo ni mafumbo manne tayari, na hata sijafika Nakapanya kwenyewe. Mwenyeji atatunga bora kuliko mimi.

Mwalimu atakayependa kuanza aanze na karatasi moja, upande mmoja, mafumbo yasiyozidi sita, njia isiyozidi saa moja na nusu kabla jua halijawa kali. Maandishi yawe makubwa. Namba ya simu ya mwalimu iwe chini ya karatasi. Na kabla ya kuwapa watoto, ampe mtu asiyeujua mji kabisa, dereva wa lori aliyelala hapo usiku mmoja au muuguzi aliyehamia juzi, atembee nayo peke yake. Pale atakaposimama akikuna kichwa, fumbo liandikwe upya.